Mteremko wa Shamba na Jinsi ya Kuupima

Uwanda wa Uasin Gishu, ambamo jiji la Eldoret limejengwa, huonekana kwa macho kuwa nchi tambarare. Mahindi na ngano hulimwa huko katika mashamba mapana, na mkulima asimamapo pembeni mwa shamba lake huona kana kwamba limelala sawasawa. Lakini mvua kubwa inyeshapo, maji hayakawii kumwonyesha ukweli. Huteremka kwa kasi katika mifereji iliyoachwa na jembe la trekta, nayo huwa mekundu kwa sababu ya udongo yaliouchukua. Huo ndio udongo wa juu wenye rutuba, na ukisha kufika mtoni haurudi tena.

Kwa hiyo ni faida kwa kila mwenye shamba kuujua mteremko wa ardhi yake kwa hesabu, wala si kwa kukisia kwa jicho. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na vyombo vyake si vya gharama kubwa.

MTEREMKO NI NINI?

Mteremko ni ulinganisho wa vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo cha wima, yaani kiasi ambacho ardhi imeshuka kutoka mahali pa juu hata mahali pa chini. Cha pili ni umbali wa mlalo, yaani nafasi iliyo kati ya mahali hapo pawili ikipimwa kwa kamba iliyonyoshwa sawa kama uso wa maji yaliyotulia. Kimo hugawanywa kwa umbali, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Basi ardhi ikishuka mita 6 katika umbali wa mlalo wa mita 100, mteremko wake ni asilimia 6.

Yafaa ieleweke kwamba asilimia si sawa na digrii. Mteremko wa asilimia 100 ni wa digrii 45 tu, na ule wa asilimia 35 ni wa digrii 19 hivi.

Wajenzi wa barabara huitumia hesabu hii kila siku. Barabara itokayo Eldoret kwenda Kabarnet hupita Iten, kisha hushuka magenge ya Elgeyo kuingia Bonde la Kerio kwa kuzunguka-zunguka. Kuzunguka huko hakupunguzi kimo cha genge hata kidogo. Kinachoongezeka ni urefu wa njia, na urefu ukizidi, mteremko hupungua hata gari likaweza kupanda.

JINSI YA KUPIMA

Hutakiwa watu watatu, kamba isiyovutika yenye urefu wa mita 10, fito mbili zilizonyoka, na pimamaji ndogo ya kutundikwa katikati ya kamba. Mtu wa kwanza husimama juu na kuushika mwisho wa kamba chini kabisa, ukigusa ardhi. Wa pili hushuka na ufito wake mpaka kamba ikaze, kisha huupandisha mwisho wake juu ya ufito huo uliosimama wima. Wa tatu huitazama pimamaji, na kipovu kikikaa katikati husema basi. Ndipo hupimwa kimo kutoka ardhini hata kwenye kamba.

Kimo kikiwa sentimita 60, hesabu ni 0.6 kugawanya kwa 10, kisha mara 100, yaani asilimia 6. Kikiwa mita 2, ni asilimia 20. Penye mteremko mkali zaidi kamba ya mita 5 hufaa, kwa kuwa ufito hautahitaji kuwa mrefu mno.

Shamba likiwa refu, kazi hurudiwa hatua kwa hatua mpaka chini. Vimo vyote hujumlishwa, na umbali wote hujumlishwa, kisha jumla ya kwanza hugawanywa kwa jumla ya pili.

KOSA LA KUEPUKWA

Wako wanaolaza kamba juu ya ardhi na kuufuata mteremko wenyewe. Penye mteremko mdogo tofauti haionekani, lakini penye mkali hudanganya. Mtu akipima mita 100 juu ya ardhi iliyoshuka mita 35, atadhani mteremko ni asilimia 35. Kumbe umbali wa mlalo ni mita 93.7 tu, na mteremko wa kweli umepita asilimia 37.

Tofauti hiyo si ndogo. Kanuni za kilimo zilizotolewa nchini Kenya mwaka 1965 zilikataza kulima penye mteremko uliozidi asilimia 35, na kati ya asilimia 12 na 35 zilitaka udongo ukingwe kwanza. Vipimo hivyo vingali mwongozo mwema kwa mkulima.

LA KUFANYA

Chini ya asilimia 12, na alime kwa kukata mteremko, si kwa kupanda na kushuka, tena aache vipande vya nyasi ili kupunguza kasi ya maji. Kati ya 12 na 35, yampasa kuchimba matuta, kama yale yaitwayo “fanya juu”, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji, na kuyapanda nyasi za nepia. Zaidi ya 35, ardhi hiyo ni ya miti na nyasi. Mwezi wa Novemba mwaka 2019, mvua nyingi ziliporomosha milima ya Pokoti Magharibi na makumi ya watu wakafa. Miteremko mikali haina msamaha.

Kazi ya kupima shamba dogo haimalizi asubuhi moja, lakini udongo uliopotea haurudishwi kwa mwaka mmoja wala kumi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.