Lua Ndani ya Programu Yako: Kweli au Si Kweli?

“Ukipachika lugha ya skripti, programu itanenepa.”

Si kweli kwa Lua. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, ikaandikwa kwa C ili iishi ndani ya programu za wengine. Mkalimani wake, yaani kile kipande kinachosoma skripti na kuitekeleza, huchukua chini ya kilobaiti 300 kwenye Linux, maktaba za kawaida zikiwemo.

“Skripti ikikosea, programu nzima huanguka.”

Inategemea umeiitaje. Tuseme programu ya duka inaiuliza skripti punguzo la mteja. C na Lua hupeana vitu kupitia rundo: unaweka fanksheni, juu yake bei, ndipo unaita. Ukiita kwa lua_call bila kinga nyingine, kosa halina wa kulidaka. Programu yote inazimika na keshia anabaki ameduwaa mbele ya foleni. Ukiita kwa lua_pcall, unarudishiwa namba ya kosa, ujumbe wake unaukuta juu ya rundo, na mteja anauziwa kwa bei ya kawaida. Kwenye jina, tofauti ni herufi moja tu! Ukishasoma jibu, liondoe, maana rundo nalo hujaa.

“Skripti imefungiwa, haiwezi kudhuru.”

Si kweli, na hapa nawasihi wenzangu tutulie. Mkalimani mpya huja mtupu, hata print hana. Sisi ndio tunaomkabidhi funguo zote kwa mstari mmoja, luaL_openlibs, kwa sababu mifano mingi huanza hivyo. Kuanzia hapo skripti ya mtu usiyemjua inaweza kufuta faili kwa os.remove, au kuendesha amri za mfumo kwa os.execute. Fungua maktaba za string, table na math. Nyingine zisubiri hadi zihitajike.

“lua_pcall inatosha.”

Haitoshi. Kwa Lua, while true do end si kosa, ni kazi isiyoisha. Tumia lua_sethook ihesabu maagizo, na kikomo kikifika fanksheni yako irushe kosa. Mfano ni Redis, hifadhidata inayoendesha skripti za Lua ndani yake: skripti inapotekelezwa, amri za wengine wote husubiri. Kwa mpangilio wa kawaida, sekunde 5 zikipita seva huanza kuwajibu BUSY, lakini skripti haikatizwi. Msimamizi ndiye atume SCRIPT KILL, na kama skripti imeshaandika data, hata amri hiyo hukataliwa.