Rafu Inayoyumba na Sakafu Isiyotulia

Chukua rafu ya dukani iliyojaa bidhaa: urefu mita 2, kina sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, uzito wote kilo 40. Isimamishe kwenye sakafu iliyo sawa kabisa bila kuifunga ukutani. Ukiivuta kwa juu, nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3 inatosha kuinua miguu yake ya nyuma. Mtu anayejishikilia hapo asiteleze huvuta kwa nguvu zaidi ya hiyo.

Sasa ihamishie kwenye sakafu inayoshuka sentimita 1 kuelekea mbele, katika hizo sentimita 30. Kwa macho mteremko huo hauonekani. Lakini juu kabisa rafu imeshaegemea mbele karibu sentimita 7, na nguvu ya kuiangusha imepungua hadi kilo 2 na theluthi moja. Ukipanga mitungi ya mafuta ya kupikia juu na kuacha chini wazi, inaweza kushuka hadi kilo 2, yaani pakiti moja ya unga.

Siri ya hesabu hiyo ilichunguzwa na Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kila kitu kina kitovu cha uzito, mahali ambapo ni kana kwamba uzito wote umekusanyika. Shusha timazi kutoka kwenye kitovu hicho: ikiangukia ndani ya eneo linalozungukwa na miguu, kitu kinasimama, ikitoka nje, kinaanguka. Rafu yetu inapokuwa wima, timazi huangukia sentimita 15 nyuma ya miguu ya mbele, na hiyo ndiyo akiba yake yote ya usalama. Mteremko wa sentimita 1 unakula zaidi ya sentimita 3 za akiba hiyo. Kitovu kikiwa juu zaidi, mteremko uleule unakula zaidi. Kwa hiyo uzito peke yake hauangushi rafu. Kinachoiangusha ni pale uzito ulipokaa.

Mteremko wenyewe unatoka wapi? Kwa wakazi wa Kitengela na nyanda za Athi, mara nyingi jibu liko chini ya nyumba. Udongo mweusi wa huko, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, una madini ya mfinyanzi yaitwayo montimorilonaiti. Mwaka 1933 Ulrich Hofmann na wenzake, wanasayansi wa Ujerumani, walitumia eksirei kueleza umbo la madini hayo: ni tabaka nyembamba mno zilizolaliana, na maji hupenya katikati yake na kuzisukuma ziachane. Mvua ikinyesha, udongo unavimba. Jua likiwaka, maji yanatoka na udongo unasinyaa.

Udongo huo hauvimbi sawasawa chini ya nyumba. Katikati, chini ya zege, udongo umefunikwa na unyevu wake haubadiliki sana. Kandokando, karibu na kuta za nje, mvua na jua huufikia moja kwa moja. Kwa hiyo pembe za sakafu hupanda na kushuka kwa msimu, na ndipo nyufa zinapotokea. Nasi rafu zetu tunaziegemeza wapi? Kwenye kuta hizohizo. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu huuondoa udongo mweusi mpaka afike penye mwamba au maramu, kisha akajaza mawe na kushindilia kabla ya kumwaga zege. Aliyeruka hatua hiyo ili kuokoa pesa hulipia baadaye kwa milango inayokwama na rafu zinazoyumba.

Si udongo tu wenye lawama. Kuanzia Kitengela hadi Entarara, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, sakafu ya saruji iliyosawazishwa kwa mwiko na jicho bila pima maji huwa na mabonde madogo tangu siku ya kwanza. Hapo linaingia tatizo la pili: kuyumba. Jifya moja haliinjiki chungu, wala mawili. Matatu yanatosha, na yanatulia hata penye ardhi mbovu. Sababu ni ya jiometri: nukta 3 daima hulala kwenye bapa moja. Nukta ya nne ikiongezwa, hakuna kinachoilazimisha ilale hapo. Rafu yenye miguu minne kwenye sakafu mbovu husimama kwa mitatu, na wa nne huning'inia ukingoja uguswe.

Wanahisabati walilishughulikia jambo hili kwa dhati. Mwaka 1970 Roger Fenn alichapisha nchini Uingereza uthibitisho kuhusu meza na sakafu zenye mawimbi. Mwaka 2005 André Martin, mwanafizikia wa CERN, naye alionyesha kwamba meza ya mraba yenye miguu sawa, ikiwa juu ya ardhi isiyo na mwinuko mkali wala kidaraja cha ghafla, inaweza kuzungushwa papo hapo, isizidi robo mzunguko, hadi miguu yote minne iguse chini. Basi meza ya hotelini ikiyumba, izungushe polepole kabla ya kukunja karatasi na kuisukumia chini ya mguu. Ila kugusa chini si kuwa sawa: meza itatulia, lakini huenda ikabaki imeinama. Tena rafu iliyo ukutani haiwezi kuzungushwa. Yenyewe inataka kabari.

Anza kwa kupima. Kama huna pima maji, tumia mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, uujaze maji bila kuacha mapovu ndani, kisha inua ncha zote mbili. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote, hata kama ncha ziko pembe mbili za chumba. Weka alama ukutani na upime kushuka hadi sakafuni. Tofauti ya vipimo ndiyo unene wa kabari unayohitaji.

Kabari iwe ya mbao ngumu au plastiki. Katoni hunywa maji siku ya kupiga deki, ikabonyea, na rafu ikarudi kulekule. Kabari mbili zilizopishanishwa ncha zinafaa zaidi kuliko moja, kwa sababu zikisukumwa pamoja hupandisha mguu huku zikibaki bapa juu na chini. Kisha ongeza nusu sentimita chini ya miguu ya mbele, ili rafu iegemee ukuta kidogo. Kwa vipimo vya rafu yetu, hilo linaongeza karibu sentimita 2 za akiba.

Kama rafu inacheza kushoto na kulia hata baada ya kabari, tatizo si sakafu. Pigilia ubao wa mshazari mgongoni, kutoka pembe hadi pembe, au uifunike plaiwudi. Mstatili hubadilika umbo ukisukumwa. Pembetatu haibadiliki mpaka kitu kivunjike.

Bidhaa nzito zikae chini, nyepesi juu. Na hata ukishafanya yote hayo, funga rafu ukutani kwa juu. Penye ukuta wa mawe, toboa jiwe lenyewe, si plasta. Penye mabati, funga kwenye nguzo ya mbao, kwani bati litachanika. Ukuta ukishika rafu kwa juu, ile hesabu ya kilo 3 inakwisha kazi, maana anayevuta sasa anashindana na ukuta.

Udongo mweusi hautaacha kuvimba kwa sababu umeweka kabari. Kila mvua za masika na za vuli zikiisha, rudisha pima maji juu ya rafu, kaza skrubu na usogeze kabari. Ukiwa na watoto nyumbani, usingoje mvua: ifunge ukutani leo.