Dk. Mpango, daftari la mauzo na ile 130,000 yangu

Leo sileti mbinu ya kupanga bidhaa dukani. Naleta habari ya mchumi aliyekuwa Waziri wa Fedha, maana mabadiliko ya kodi ya wakati wake yalinigusa mfukoni kabisa.

Philip Mpango alizaliwa Kigoma mwaka 1957. Alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka udaktari, akafundisha hapohapo. Baadaye alifanya kazi Benki ya Dunia, akawa msaidizi wa Rais Kikwete mambo ya uchumi, Naibu Katibu Mkuu Wizara ya Fedha, kisha Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango. Yani miaka yote hiyo kazi yake ni hesabu na mipango, na wengi mtaani tulikuwa hatumjui.

Tulimjua Novemba 2015. Ilibainika makontena yametoka bandarini Dar es Salaam bila kulipiwa kodi. Rais Magufuli akamsimamisha mkuu wa TRA, akamweka Mpango kukaimu. Mwezi haukuisha akawa Waziri wa Fedha na Mipango. Alikaa mpaka Machi 2021, alipoapishwa kuwa Makamu wa Rais.

Sasa tuje kwetu sisi wa maduka.

Juni 2018 bajeti yake iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Juni 2019 akairudisha, sababu bei kwa mlaji haikushuka. Wengi hawakuipenda, na wanafunzi wa kike ndio walioumia. Lakini kuna jambo pale: ukibadilisha kitu kwenye biashara, rudi uangalie kama kimeleta matokeo. Ulipunguza bei ya sabuni, je, mauzo yaliongezeka? Bila kuandika huwezi kujua.

Bajeti hiyohiyo ya 2019 ilishusha kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, hakuna kodi ya mapato. Ukiwa kati ya milioni 7 na milioni 11 na huna kumbukumbu, ulilipa 250,000. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000, akaongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Mimi mwaka wa kwanza sikuwa na daftari la mauzo. Nilikuwa na daftari la madeni tu, nalo limejaa mafuta ya taa. Nilipoulizwa nauza kiasi gani nikabaki nakuna kichwa. Nikakadiriwa, nikalipa 250,000, nikarudi nyumbani nalalamika njia nzima.

Dada mmoja jirani yangu duka lake halipishani na langu. Yeye kila jioni kabla ya kufunga anaandika. Mauzo yake yalikuwa kama milioni 8. Piga hesabu: 90,000, jumlisha asilimia 3 ya milioni 1 ambayo ni 30,000. Akalipa 120,000. Tofauti yetu 130,000, na kwangu wakati ule hiyo ilikuwa hela ya mfuko mzima wa sukari. Daftari lake alinunua 1,500.

Kwa hiyo nililaumu serikali bure, kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile naandika vitu vitatu kila jioni: nimeuza kiasi gani, nimetumia kiasi gani, nani kakopa. Risiti za mzigo naziweka kwenye bahasha, kila mwezi na yake. Inachukua dakika kumi tu.

Viwango hubadilika bajeti kwa bajeti, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu nawe kabla ya kwenda kukadiriwa. Ila nenda na daftari mkononi.

Mpango aliandika hesabu za nchi miaka mingi kabla hajapewa uwaziri. Wewe na mimi tuna hesabu za duka moja tu, kweli zitushinde?

Jana umeuza shilingi ngapi? Kama huna jibu, anza leo jioni.