Mitindo ya picha na hesabu ya studio ndogo za harusi Kibondo na Kasulu

Biashara ya picha za harusi katika miji ya nyanda za juu za Kigoma, hasa Kibondo na Kasulu, haina mteja mmoja. Anayelipa ni kamati ya harusi, yaani kikundi cha ndugu, majirani na wafanyakazi wenza kinachokusanya michango na kusimamia bajeti. Wanaopigwa picha ni bwana na bibi harusi. Na watakaozitazama picha hizo kwa miaka mingi, zikiwa zimetundikwa sebuleni, ni wazazi wa pande zote mbili. Kila upande una picha yake unayoitarajia, na matarajio hayo hayafanani. Kwa hiyo suala la mitindo ya upigaji picha, ambalo katika miji mikubwa huchukuliwa kuwa ladha ya msanii, katika wilaya hizi ni suala la mauzo, kwa kuwa studio inayomudu mtindo mmoja tu humridhisha mnunuzi mmoja kati ya watatu, na huyo mara nyingi siye mwenye fedha.

Mtindo mkongwe ni ule wa kupanga, ambao mpiga picha huwaweka watu kwa safu, huwaelekeza pa kutazama, na hubofya baada ya kila mmoja kutulia. Katika Afrika Mashariki mtindo huu ulilelewa na studio za mwambao, mfano wake mmoja ukiwa Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, ambako mteja alikuja amevaa vizuri, akaketishwa mbele ya taa zilizokwisha kupangwa, na akapigwa picha chache tu, kwa sababu kila picha ilikuwa na gharama ya filamu, dawa na karatasi. Gharama hiyo imeondoka tangu kamera za kidijitali zilipoenea, lakini mtindo wenyewe umebaki, na sababu ya kubaki kwake inaonekana ukumbini. Mshereheshaji huita makundi kwa zamu, wanakwaya, walimu wenza, wajomba, shangazi, majirani wa mtaa, na kila kundi husimama na maharusi kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa aliyechanga, picha hiyo ni kama risiti: inathibitisha kwamba alikuwepo na mchango wake ulitambuliwa. Studio inayowadharau wachangaji hawa, kwa madai kwamba picha za safu zimepitwa na wakati, huenda ikapata sifa mtandaoni na ikakosa kazi ya harusi inayofuata, kwa kuwa wanakamati wa harusi moja ndio wachangaji wa nyingine.

Mtindo wa pili ni wa matukio, ambao mpiga picha haelekezi mtu bali hufuatilia yanayotokea na kuyanasa yakiwa yenyewe, kama mwandishi wa habari anavyofanya kazi yake. Duniani mtindo huu ulipata nguvu kubwa katika miaka ya 1990, na picha inayotajwa mara nyingi ni ile iliyopigwa na Mmarekani Denis Reggie Septemba 1996, inayomwonyesha John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, akibusu mkono wa mkewe, Carolyn Bessette, wakitoka kanisani katika kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia. Katika nyanda za juu za Kigoma mtindo huo una malighafi nyingi kuliko unavyopewa nafasi. Sendofu, yaani sherehe ya upande wa bibi harusi ya kumuaga binti kabla ya ndoa, hujaa nyakati ambazo haziwezi kupangwa wala kurudiwa: baba anayetakiwa kutoa nasaha na sauti ikamkatika, mama mdogo anayeingia na kundi lake wakiserebuka huku wamebeba zawadi kichwani, bibi anayemshika mjukuu mashavu. Anayenasa mambo hayo hana budi kujua mila na ratiba, kwa maana picha ya namna hii hupatikana kwa kutangulia kusimama mahali tukio litakapotokea. Anayelikimbilia baada ya kuliona hukuta migongo ya wageni wenye simu.

Mitindo mingine inaweza kuelezwa kwa ufupi. Picha za wawili, ambazo maharusi hutolewa nje na kupewa muda wao, ndizo wanandoa wenyewe huzitamani zaidi kwa kuwa ndizo zinazosambaa kwenye Instagram na hali za WhatsApp. Picha za vitu, kama pete, shela, keki na mapambo, huwafurahisha wapambaji na huweza kuuzwa kwao pia, jambo ambalo studio nyingi hazilitumii. Upo pia mtindo wa kisanii, unaochezea vivuli na rangi. Huo bado una wanunuzi wachache, ingawa picha moja ya namna hiyo iliyotiwa fremu kubwa hupamba dirisha la studio kuliko mabango kumi.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye mwanga, na jiografia ya eneo inauongeza. Tanzania nzima hufuata saa moja, lakini Kibondo iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa nyuzi 8 hivi za longitudo, na kila nyuzi ni sawa na dakika 4, hivyo jua huzama Kibondo zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, karibu na saa moja jioni. Kwa hesabu hiyohiyo, jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, wakati ambao ndoa nyingi za kanisani zinamalizika na makundi yanatoka nje kupigwa picha. Mwanga wa saa hiyo huanguka wima, ukachora kivuli cheusi kwenye macho na chini ya pua. Mpiga picha aliyejizoeza huwahamishia watu kwenye kivuli cha mwembe au baraza la kanisa, huku wakitazama upande wenye mwanga. Asiyejizoeza huwapanga juani kwa kuwa pana nafasi. Mwanga laini wa jioni nao haudumu, kwa kuwa karibu na ikweta giza huingia upesi: baada ya jua kuzama hubaki dakika 20 hivi za mwanga unaofaa, na maharusi wakichelewa saluni au barabarani, dakika hizo zimekwenda. Ratiba iliyonakiliwa kutoka harusi ya Dar es Salaam, ikiweka picha za wawili saa kumi na mbili kasoro jioni, huku Kibondo inawahi mno, kwa kuwa jua la saa hiyo bado ni kali.

Ukumbini mambo ni magumu zaidi. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kinachotazamwa kina weupe wa kati. Shela ikijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwanga na uso wa bibi harusi huingia gizani, na suti nyeusi ikijaa, kamera huongeza mwanga na shela huungua, ikabaki weupe mtupu usio na nakshi. Shela nyeupe, suti nyeusi na ngozi nyeusi vikikaa pamoja, mashine haiwezi kuamua, na mtu lazima aamue badala yake. Juu ya hayo kuna taa za rangi za wapambaji, ambazo huzigeuza nyuso kuwa za zambarau, na kuna dari. Flashi ikielekezwa kwenye dari jeupe la jipsamu, mwanga hurudi ukiwa laini na kusambaa. Lakini ukumbi ukiwa na paa la mabati lililo wazi, au dari likiwa limefunikwa vitambaa vya rangi, mwanga hupotea juu au hurudi na rangi ya kitambaa. Hapo hutakiwa flashi ya pili, iliyosimamishwa kwenye stendi pembeni na kuwashwa kwa kichochezi cha redio. Hakuna linalozuia mambo haya kufanyiwa mazoezi nyumbani: kijana mmoja, koti jeusi, shuka jeupe na chumba chenye giza vinatosha kwa wiki kadhaa za mafunzo.

Suala linalofuata ni lini na kwa gharama gani mazoezi yafanyike, kwani harusi ya mteja si mahali pa kujaribia mtindo usioujua. Msimu wenyewe unatoa jibu la kwanza. Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na huendelea hadi Mei, na harusi nyingi husubiri kiangazi, baada ya mavuno ya mahindi na maharage, wakati fedha zipo na barabara za vijijini zinapitika. Kwaresima na Majilio hupunguza ndoa za makanisani, na Ramadhani hupunguza za Waislamu. Miezi hiyo ya ukame wa kazi ndiyo darasa la studio ndogo. Mazoezi ya kwaya ya Jumamosi, kwa idhini ya kiongozi wake, humpa mpiga picha kanisa lilelile, madirisha yaleyale na watu wanaosogea, bila hasara kwa mtu yeyote. Mechi ya mpira ya vijana humfundisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Na lenzi moja ya milimita 50 isiyovuta, ikitumiwa mwezi mzima peke yake, humlazimisha kusogea kwa miguu na kuchagua anachokitaka. Mazoezi yenye sharti moja kwa wakati hufundisha kuliko kupiga kila kitu kwa kila mtindo.

Gharama yake inaweza kukadiriwa. Shata za kamera nyingi za daraja la chini hukadiriwa kustahimili picha 100,000 hivi. Studio inayopiga picha 2,000 kwa harusi humaliza kadirio hilo kwa harusi 50. Mazoezi ya picha 200 kwa wiki hufikia 10,000 kwa mwaka, ambazo ni sawa na kuchakaza kamera kwa harusi 5. Hiyo ni gharama halisi, na anayeweka bei bila kuihesabu anakula mtaji wake; hata hivyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya harusi moja iliyoharibika, ambayo katika mji mdogo husimuliwa sokoni, kanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda kwa muda mrefu.

Kuna pia mazoezi yanayolipwa. Ubatizo, kipaimara na mahafali ya shule ni harusi ndogo kwa upande wa mwanga na mpangilio. Mashirika yaliyofuata kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo, yamehitaji picha za mikutano na ripoti, na kazi hizo zimewafundisha wapiga picha wa mtindo wa matukio nidhamu ya kufanya kazi kimya, ijapokuwa kupungua kwa misaada ya kimataifa mwaka 2025 kumeonyesha hatari ya kuzitegemea kazi hizo. Studio yenye watu wawili ina nafasi ambayo haitumiwi vya kutosha: mmoja apange makundi, mwingine anase matukio, kisha wabadilishane harusi inayofuata. Na pale mmoja wao anapokuwa mwanamke, soko hupanuka, kwa kuwa katika sherehe za kina mama za Kiislamu, ambako wanawake huvua buibui na kucheza, mpiga picha wa kiume hana nafasi.

Uhariri, yaani kurekebisha rangi na mwanga kwenye kompyuta, ni sehemu ya mtindo, na hapo ndipo kasoro moja imekuwa mazoea: kung'arisha ngozi hadi baba wa bibi harusi anamtafuta binti yake kwenye albamu. Huo si mtindo. Ni mpiga picha kukwepa kujifunza kuimulika ngozi nyeusi, na kamati ina haki ya kuukataa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa moja kwa moja mazoea ya studio ya kutumia picha za wateja kama matangazo. Idhini ya maandishi inafaa iwe sehemu ya mkataba. Droni, yaani kamera inayoruka, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika wilaya za mpakani tahadhari hiyo si ya kupuuzwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inaweza kununua flashi ya pili na stendi kabla ya kununua kamera mpya, ingawa waombaji wengi huanza na kamera kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mkataba nao useme wazi tarehe ya malipo ya mwisho, nayo iwe kabla ya siku ya harusi: kamati ikishavunjwa, yaani ikishafanya kikao na karamu yake ya mwisho, hakuna mwenye mfuko wa kudaiwa, na bwana harusi aliyetoka kwenye gharama hana cha kutoa.

Mshindani mkubwa wa studio hizi leo ni simu janja iliyo mkononi mwa kila mgeni. Mchana, kwenye kivuli kizuri, simu hiyo hutoa picha ya kundi inayotosha, na huifikisha kwenye kundi la WhatsApp kabla mpiga picha hajafunga begi. Usiku ukumbini, chini ya taa za zambarau, huku maharusi wanasogea, haiwezi. Hapo ndipo studio inapostahili fedha zake, na hapo ndipo mazoezi yake mengi yanapaswa kuelekezwa. Kamati inayotafuta mpiga picha kwa msimu ujao isiridhike na picha kumi bora zilizo kwenye simu ya mpiga picha huyo; iombe kuona picha zote za usiku za harusi moja, kuanzia maharusi wanapoingia ukumbini hadi kundi la mwisho, na iombe kuziona kabla ya kutoa malipo ya awali.