Boriti na Chumba Chembamba

Wapwa wangu wa Magindu, mkifika Dar es Salaam piteni Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Pale lipo Boma la Kale. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mnamo 1867 ili wageni wake wapate pa kulala. Mjini pale, hakuna jengo lililosalia linalolizidi umri.

Ukiingia utashangaa. Ukuta mnene! Chumba kirefu, lakini chembamba!

"Mjomba, mbona chembamba? Sultani aliishiwa fedha?"

Hongera, umeuliza vyema! Ngoja tumwulize boriti, yule aliyelala juu darini.

"Mimi ni mkoko," asema boriti. "Nimekulia kwenye tope la bahari. Wenzangu wengi walikatwa delta ya Rufiji, mkoani kwenu Pwani. Mimi mgumu, mchwa hawaniwezi. Lakini mimi mfupi. Umewahi kuvuka kijito kwa gogo? Gogo likipungua, unatumbukia. Basi nami nalala toka ukuta huu hadi ule. Ninapoishia, na chumba kinaishia. Sultani ana fedha, lakini mimi mfupi!"

"Na ukuta, mbona mnene?"

"Mgongoni nimebebeshwa mawe na chokaa. Mzigo wote naushushia ukutani. Nao ukuta ni vipande vya matumbawe, kila kimoja na umbo lake, vimeshikwa kwa chokaa tu. Ungekuwa mwembamba, tungeanguka sote."

"Basi tuupige saruji, Mjomba!"

Wazo la fundi hilo, mwanangu, ila subiri. Matumbawe hunywa unyevu. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Plasta inabanduka, na boriti anaanza kuoza pale ncha yake ilipozama ukutani. Ndiyo maana fundi anayejua hukarabati chokaa kwa chokaa.

"Na mwenye jengo akitaka kulivunja?"

Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Serikali ikishalitangaza jengo kuwa kumbukumbu, halivunjwi wala halibadilishwi bila kibali. Hata Uingereza, nyumba nyingi kongwe za katikati ya miji huwekwa kwenye orodha, na mwenyewe huomba ruhusa kwanza.

Sasa nawapa kazi. Mkiingia nyumba kongwe, iwe Dar es Salaam, iwe Bagamoyo, pimeni upana wa chumba kwa hatua zenu. Halafu inueni macho darini, mmwone aliyeupanga.