Unga wa Mfupa Umetoka Wapi?

Gego la taya la juu likishang'olewa, mfupa uliolishika hupungua mwaka hadi mwaka. Juu ya mfupa huo pana uwazi wenye hewa, nao ni sainasi, ambao huteremka na kuchukua nafasi iliyoachwa. Ndiyo sababu mwanamke aliyekaa na pengo miaka mingi, akitaka kupandikizwa jino, huambiwa kuwa mfupa uliosalia ni milimita tatu au nne, hautoshi kushika skurubu ya titani. Basi hutangulizwa mfupa. Daktari huinua taratibu utando wa sainasi, akatia unga wa mfupa chini yake, kisha hungojewa miezi sita hivi, pengine tisa, kabla ya titani kuingia.

Titani haina neno. Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya Kulab, akaweka ya fedha ikamtolea harufu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamruhusu ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Swali liko kwenye unga. Upo wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni au nyuma ya taya la chini. Upo wa maiti ya mwanadamu. Upo wa ng'ombe, unaotumika sana. Upo wa nguruwe. Na upo wa madini ya kalsiamu usio na mnyama ndani yake. Tena unga ukiwa wa ng'ombe, utando wa kolajeni unaotandazwa juu yake waweza kuwa wa nguruwe. Wengi hawaambiwi kwa kuwa hawakuuliza.

Vitabu vyetu vya Kishafii havikulinyamazia hili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba aliyeunga mfupa wake kwa kilicho najisi, kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Udhuru huo umefungamana na kukosa, na leo unga wa madini upo. Ama aliyekwisha kuwekewa, na kuuondoa kukawa na madhara ya wazi, halazimiki kuuondoa.

Basi, mama, kabla ya kutia sahihi, mwombe daktari akuonyeshe maelezo ya unga na ya utando. Na baada ya upasuaji, kwa muda wa wiki mbili hivi, usipenge kamasi. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni sunna katika madhehebu yetu. Iache mpaka kidonda kipone.