Vitu Vidogo vya Kuundia Gari la Moshi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kuunda magari ya waya walipokuwa wadogo. Gari la moshi la mfano ni kazi nyingine. Mwili wake si mgumu, kwa kuwa behewa ni sanduku refu tu, na mtu mwenye kadibodi nene, rula na subira hulimaliza kwa juma moja. Yanayomshinda mtu ni yale madogo madogo: magurudumu, taa, vyuma vya kushikia mlangoni, matangi ya chini, matundu ya hewa ya juu ya paa. Huko Ulaya na Marekani yako maduka yauzayo vitu hivyo vikiwa tayari katika pakiti. Kwetu hapana budi kuvitafuta ndani ya vitu vilivyofanywa kwa kazi nyingine.

Kwanza tusemezane juu ya kipimo, maana hapo ndipo wengi huharibu. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni moja kwa 87. Mtu akikisoma kitabuni hukichukua, kisha hutafuta gurudumu la milimita 9 mji mzima asilipate. Mimi naona tuanze kinyume: tutafute kwanza kitu kigumu kupatikana, nacho ndicho kituchagulie kipimo. Kitu hicho ni gurudumu, kwa sababu lazima liwe duara kamili, tena yawe mengi yaliyo sawasawa. Waasha za bolti zina sifa hizo zote, na bei yake ni ndogo katika duka lolote la vyuma. Waasha ya bolti ya milimita 10 ina upana wa milimita 20 hivi, na ya bolti ya milimita 12 ina upana wa milimita 24. Ukizigandisha pamoja kwa ile gundi ya chuma iuzwayo mirija miwili, ndogo huwa mahali pa kukanyagia reli, na kubwa huwa ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Ukingo huo ni mrefu kupita ule wa kweli, lakini humshikilia vizuri mgeni wa kazi hii, nami nimeukubali.

Sasa gurudumu la behewa la kweli hufika chini kidogo ya kiuno cha mtu mzima, yaani sentimita 80 na zaidi. Milimita 20 kwa sentimita 80 ni moja kwa 40. Basi kipimo tumekwisha kukipata, tena hesabu yake ni nyepesi: mita moja huwa milimita 25. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja, kwa hiyo reli zetu zitaachana milimita 25 kamili. Ya TAZARA ina milimita 1,067, nasi tutaweka 26.7. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435, nayo kwetu itakuwa kama 36.

Tundu la waasha ni kubwa mno kwa ekseli. Chukua kipande cha penseli ya mviringo, kizungushie karatasi yenye gundi mpaka kijae tunduni, kisha toboa ule wino wa katikati kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Wino wa penseli una unene wa milimita 2 hivi, na spoki vilevile, tena kiwanda kimekwisha kuuweka katikati. Fundi gani angepima vizuri zaidi?

Kwa fundi redio omba kapasita zilizokufa. Ile ya mviringo yenye upana wa milimita 10 ni tangi la hewa la sentimita 40 chini ya injini, wala haihitaji kurekebishwa ila rangi. Lakini usiing'oe mwenyewe katika televisheni au chaja, kwa maana huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kutolewa ukutani. Mwache fundi aitoe. Taa ndogo ya tochi mbovu, ile ya milimita 5, ni taa ya mbele ya sentimita 20, nayo huwaka kwa betri mbili. Waya wa kuunganishia kompyuta una nyaya 8 ndani yake, na shaba yake ndiyo vyuma vya kushikia. Kwa fundi cherehani pana vifungo vya kubonyeza, ambavyo ni matundu ya hewa ya paa. Ribiti za mabehewa ya zamani hazitafutwi: bonyeza karatasi ya alumini kwa nyuma na kalamu iliyokwisha wino, zitatokea mbele.

Kwetu Kiwalani hatuko mbali na stesheni ya TAZARA, na wanunuzi wa skrepa ni wengi. Huko utapata nati na springi nzuri. Ila kitu chochote kilichotoka relini, hata kibanio kimoja kinachoshika reli kwenye taruma, usikinunue wala usikiokote. Sababu yake utaiona mezani kwako. Ng'oa misumari minne inayofuatana katika reli yako ya mfano, upitishe behewa lenye mzigo: reli hutanuka milimita chache tu, na magurudumu hudumbukia katikati. Mezani ni kicheko. Kule mnapanda watu.

Lililobaki kunisumbua ni kiunganishio. Mabehewa ya TAZARA hushikana kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa, na ndoana za sketi ninazotumia zinavuta vizuri lakini hazifanani hata kidogo. Aliyepata kuona kitu cha chuma kilichokunjwa namna ya ngumi, chenye urefu usiozidi sentimita moja, na anikute karakana siku ya Jumamosi baada ya usafi. Nahitaji kumi na viwili.